Niliomba nyumba yetu itiwe ukungu kwenye ramani ya intaneti: uzoefu wangu

Kwa zaidi ya miaka minne nimekuwa nikitumia huduma ya ramani ya intaneti yenye picha za mitaani, zile zinazopigwa na gari lililofungwa kamera juu ya paa, ambazo mtazamaji huweza kuzigeuza huku na huku kana kwamba yeye mwenyewe amesimama barabarani. Jina la huduma hiyo silitaji, kwa kuwa ninayoyasema yanazihusu huduma zote za aina yake. Na jina la mtaa wetu hapa Mombasa silitaji kwa sababu ambayo msomaji ataifahamu bila kuelezwa. Kama chombo cha kutafutia njia, sina lawama nayo. Maelezo yangu ni kuhusu sehemu moja tu, yaani ombi la kufichwa kwa nyumba, ambalo nililazimika kulituma mwaka uliopita.

Nilikuwa nikimwelekeza fundi wa paa, nikafungua picha ya lango letu ili nimtumie. Lango lilionekana vizuri. Nilipoisogeza picha hatua mbili upande wa kushoto, nikaona uani. Marehemu baba aliujenga ukuta wa ua wetu kwa kimo cha futi saba, akabishana na fundi wa wakati ule aliyeona kwamba futi tano zingetosha na zingepunguza gharama, kwa sababu alitaka wanawake wa nyumba hii wakae uani, wafue, wapike na wasukane nywele bila kulazimika kujitanda kila anapopita mtu njiani. Kwa miaka thelathini na zaidi ukuta ule ulifanya kazi yake, na mpita njia hata awe mrefu vipi haoni kitu. Kamera iliyopanda juu ya paa la gari iliona kila kitu: kamba ya nguo, mapipa ya maji, na mama ameketi kwenye mbuzi akikuna nazi, kichwa wazi.

Uso wake ulikuwa umetiwa ukungu na kompyuta, kama zinavyotiwa nyuso zote na namba za magari. Watetezi wa huduma hizi huishia hapo, wakisema kwamba mtu hatambulikani. Lakini mtaani hatujuani kwa uso pekee. Anayetujua angemtambua mama kwa leso yake, kwa namna anavyokunja mguu mmoja akikuna, na zaidi ya yote kwa kuwa yumo ndani ya ua wake mwenyewe.

Kutuma ombi hakukuwa na usumbufu. Chini ya picha pana kiungo kidogo cha kuripoti tatizo, nacho hufungua fomu inayokuuliza kama unataka kufichiwa uso, gari au nyumba; kisha unasogeza fremu nyekundu hadi iangukie sehemu unayoilalamikia, unaeleza kwa maneno machache, unaandika anwani ya barua pepe na kutuma. Fomu inakuonya kwamba ukungu ukishatiwa hauondolewi tena. Jambo moja lilinishangaza: sikuombwa hati ya nyumba, kitambulisho, wala ushahidi wowote kwamba ninaishi pale. Jirani mwenye chuki angeweza kuifuta nyumba yetu ramani nzima, nami nisijue mpaka siku ya kuitafuta. Jibu lilikuja siku ya tano, na nilipofungua ramani nyumba ilikuwa imegeuka kuwa wingu la kijivu.

Hapo ndipo ulipoanza ugumu ambao sikuufikiria. Niliomba kufichwa kwa kilichomo nyuma ya ukuta; kilichofichwa ni nyumba nzima, pamoja na lango, mlango wa mbele na baraza, vitu ambavyo baba aliviweka barabarani kwa makusudi vionekane. Nyumba za mtaa wetu hazina namba. Picha ya lango la kijani ndiyo iliyokuwa anwani yetu kwa waendesha bodaboda, kwa mafundi, na kwa jamaa wanaotoka Lamu mara moja kwa mwaka. Sasa kila anayekuja hupiga simu akiwa kwenye kibanda cha muuza kahawa, nami hutoka kumpokea. Sijutii ombi langu, lakini gharama yake nailipa karibu kila wiki.

Dada yangu anaishi Bremen, Ujerumani, na nilipomsimulia alicheka kidogo, kwa sababu kule mjadala huu una umri mkubwa. Google ilipofungua picha zake za mitaani katika miji 20 ya Ujerumani mnamo Novemba 2010, Bremen ikiwa mmojawapo, wakazi walikuwa wameruhusiwa kuwasilisha pingamizi kabla picha hazijatolewa, na kaya zipatazo 244,000 zilifanya hivyo, karibu asilimia 3 ya kaya za miji hiyo. Katika jengo la ghorofa ombi la mpangaji mmoja lilitosha kulifunika jengo lote. Huko Essen watu walioona kwamba kujificha ni upuuzi walizirushia mayai baadhi ya nyumba zilizotiwa ukungu, kwa hiyo ile alama ya kukataa kutazamwa ndiyo iliyowaelekeza wapi pa kurusha. Na picha mpya zilipotolewa mwaka 2023 na zile za zamani kuondolewa, maombi ya awali hayakuhesabiwa tena. Aliyetaka nyumba yake ifichwe alitakiwa kuomba upya. Dada hakuomba. Anasema kwamba upande wake wa barabarani una madirisha na pazia tu, hakuna ua, na nakubaliana naye kwamba kwa jengo la namna hiyo hasara ni ndogo.

Hasara yetu iko kwenye kimo. Nilipokuwa nikisoma habari za nchi nyingine niligundua kwamba tatizo langu halihitaji ukungu hata kidogo. Mwaka 2009, baada ya malalamiko ya wakazi wa Japani ambao nyumba zao zimebanana na njia nyembamba, Google ilikubali kuishusha kamera kwa sentimita 40 na kupiga picha upya. Uswisi nako suala hilo lilifika mahakamani, na miongoni mwa masharti yaliyobaki baada ya hukumu ya mwaka 2012 ni kwamba bustani na nyua zilizozungushiwa uzio zisionyeshwe kutoka kimo kinachozidi mita 2, yaani kimo ambacho macho ya mpita njia hayafiki. Futi saba ni zaidi kidogo ya mita 2. Gari lililopita mtaani kwetu lingefuata kanuni ya Uswisi, mama asingeonekana, lango lingebaki, nami nisingekuwa na fomu ya kujaza.

Kwa upande wa sheria, sisi Wakenya hatuko mikono mitupu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinatupa haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutofichuliwa habari za familia pasipo ulazima, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ilitupatia Kamishna wa kumpelekea malalamiko. Mimi sikufika huko, kwa kuwa nilitaka picha iondoke haraka kuliko nilivyotaka kushinda hoja.

Kwa anayefikiria kutuma ombi kama langu, ushauri wangu ni kwamba aitazame kwanza picha ya nyumba yake kutoka pande zote, na tarehe zote zilizopo, kisha aamue kama kinachomkera ni uso, gari au kitu kimoja, kwa sababu fremu ndogo juu ya mtu inaweza kutosha. Mimi nilikimbilia kuchagua nyumba. Kwa wepesi wa fomu na haraka ya jibu naisifu huduma ile; kwa kunipa chaguo la yote au hakuna, siisifu.

Mama sikumwambia mpaka kazi ilipokwisha. Nilimwonyesha wingu la kijivu kwenye simu, nikamweleza picha ilikuwa imeonyesha nini hapo awali, na kwamba sasa hakuna anayeweza kuona. Alilitazama kwa muda mrefu, akaivuta leso kichwani ingawa tulikuwa wawili tu uani.

"Na waliokwisha kuiona ile ya kwanza, mwanangu, ni wangapi?"

Nilirudi kwenye fomu jioni ile. Haina mahali pa kuuliza hilo.