Vanishi ya mbarika kwenye mlango unaotazama bahari

Mimi ni seremala Unguja, na mlango ninaousifia unatazama bahari. Kabla ya masika niliupaka vanishi ya poliurethani, aina ya plastiki, ya makopo mawili yanayochanganywa: moja ni polioli, yaani kimiminika cha msingi, ambacho hapa ni mafuta ya mbarika, wengine huyaita nyonyo; la pili ni hadina, kigumishi chake. Masika yote yamepita, na pale chini, panapooza kwanza, hapajavimba wala kubanduka. Maji yanasimama matone matone, yanateleza.

Sababu imo kwenye mafuta yenyewe. Karibu asilimia 90 ya asidi zake ni risinoleiki, yenye haidroksili za asili, yaani vishikizo vya kemikali vinavyoshikana na hadina. Mafuta ya soya hayana vishikizo hivyo, lazima yabadilishwe kwanza kiwandani. Na ile minyororo mirefu ya mafuta huyakataa maji.

Ila mbao iwe kavu hasa! Mara ya kwanza nilipaka asubuhi ya umande. Hadina ikakutana na maji, ikatoa gesi, mlango ukajaa viputo. Nilipiga msasa siku nzima. Vaeni barakoa ya kemikali, hadina inadhuru mapafu. Jua limeitia unjano kidogo, na bei inauma, lakini nimeshaagiza makopo ya madirisha.