Uzoefu wangu: Mtu wa mashua ndani ya treni ya Syokimau

Nianze na maksi, asiye na wakati asisumbuke kusoma hadi chini. Treni ya abiria wa kila siku kati ya Syokimau na katikati ya jiji la Nairobi naipa nne kwa tano. SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyonitoa Mombasa naipa tatu na nusu, na hiyo nusu ni ya mbuga ya Tsavo. Anayetaka sababu aendelee.

Mimi ni fundi wa nakshi, mtu wa Langoni, Amu, yaani Lamu. Sikukuu zikifika huwa mtu wa mashua za mashindano, ya Maulidi na yale ya mwaka mpya kule Shela. Nahodha hushika usukani, mwengine demani, kamba ya tanga, na sisi wengine hukaa kwenye ubao unaotokeza nje, upande wa goshini unakotoka upepo, ili mashua isilale. Kazi ya ubao haina heshima ya nahodha lakini ukijisahau kidogo tu wote mko majini. Upepo wa kusi ukishika, mwezi wa sita na wa saba, bahari ya nje si ya mchezo, na huo ndio msimu ninaokubali kazi za bara. Mara hii ilikuwa mlango wa mbambakofi wa ofisi moja katikati ya Nairobi, kuusimamisha na kumalizia nakshi papo hapo. Nikafikia kwa binamu yangu Syokimau, na kila siku ya kazi nikawa napanda treni asubuhi na kurudi nayo jioni.

Safari ya kwenda kwanza. Amu haina reli, kwa hivyo kupanda treni kwetu ni jambo la kuvuka bahari na kaunti tatu: boti hadi Mokowe upande wa bara, basi kupitia Witu, Garsen na Malindi mpaka Mombasa, kisha gari jingine hadi stesheni ya Miritini, ambayo iko mbali na mji. Basi nililopanda, silitaji jina, lilitangaziwa saa moja asubuhi likaondoka dereva alipomaliza chai yake. Ukiwa na tikiti ya treni mfukoni, dakika hizo hukaa kooni.

SGR ilianza kubeba abiria mwaka 2017. Daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1,000 mpaka mwanzoni mwa 2024 ilipopandishwa hadi 1,500, na la kwanza ikatoka 3,000 hadi 4,500. Bado naona 1,500 si nyingi kwa saa tano hivi za kukaa bila kurushwarushwa. Kinachonichekesha ni lango. Kabla ya kuingia stesheni mnapanga mabegi chini kwa mstari, mnasogea nyuma, halafu mbwa wa polisi wanapita wakinusa. Mzee mmoja wa kanzu karibu nami alikuwa amelikazia macho begi lake, lina msahafu ndani. Nikamwambia, "Ami, wananusa tu, na kavu kwa kavu haina najisi." Akatulia, ingawa naona alilifuta kwa leso baadaye. Baada ya hapo kuna mashine, kitambulisho, mashine tena. Vyombo vyenye makali haviruhusiwi, na fundi wa nakshi bila patasi ni mtu wa kawaida tu, kwa hivyo patasi zangu nilizituma kwa basi kama kifurushi na zikanisubiri Nairobi.

Ukishaingia ndani raha ipo. Reli imeinuliwa juu ya tuta, na ukipita Voi unawaona ndovu wekundu kwa udongo wa Tsavo kana kwamba umepanda mlingoti. Ile ya usiku, inayoondoka Mombasa saa nne, siwashauri watu wa Amu ingawa inaonekana kutufaa kwa kuwa basi letu hufika jioni. Inakushusha Syokimau kabla ya alfajiri, baridi tupu, na mwenyeji wako kalala.

Sasa treni yenyewe niliyokuja kuisema. Kituo cha Syokimau kilifunguliwa 2012, enzi za Rais Kibaki, na kiko karibu na stesheni ya SGR. Wageni huuliza kwa nini SGR isiendelee tu hadi mjini. Reli ni mbili tofauti. Ya SGR ina upana wa milimita 1,435. Inayokwenda mjini ni ile kuukuu ya mita moja, iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Nairobi 1899. Gurudumu la moja halikai kwenye nyingine, kwa hivyo unashuka na kupanda upya, kama vile jahazi kubwa linavyobaki nje na watu wakaingia pwani kwa dau.

Kwa miaka mingi yalikuwa mabehewa ya zamani yanayovutwa na kichwa cha dizeli. Mwaka 2020 zikaanza kazi treni nyingine zilizonunuliwa zikiwa zimetumika Uhispania, na si Uhispania bara, bali kisiwa cha Mallorca, ambako reli nayo ni ya mita moja. Binamu alinieleza hayo kama kasoro, kwamba tumeuziwa mitumba. Mimi nikazipenda papo hapo. Zimezoea watu wa kisiwa.

Saa kumi na mbili na kitu asubuhi jukwaa limeshajaa. Makarani, wauguzi wanaotoka zamu, wanafunzi, mama mwenye ndoo ya maandazi iliyofungwa kwa kitambaa. Hakuna makelele. Nairobi hii ya treni si Nairobi ya stendi ya matatu. Watu wamevaa vipokea sauti masikioni, mmoja anahesabu tasbihi, mwengine amelala wima na wala haanguki, ujuzi ambao ningependa kuupeleka kwenye ubao wetu. Behewa moja huwa na mhubiri. Imara Daima wanaingia wengine, Makadara wengine tena, na hapo kusimama ndio kukaa kwako. Njia ni moja, kwa hivyo treni mbili haziwezi kupishana popote zitakapo. Moja hungoja stesheni mpaka mwenzake apite. Kwa wengi huo ni uchelewaji. Kwangu haukunisumbua, maana nimekulia mahali ambapo mkondo wa Mkanda ukikauka maji hubishani nao, unatia nanga na kupika chai.

Kasoro zake si za kufichwa. Ni treni ya asubuhi na jioni hasa. Ukimaliza kazi saa sita mchana mara nyingi huna lako, unarudi kwa matatu. Nami nilipokuwa nangoja vanishi ikauke mara nyingi nilimaliza saa hizo hizo. Tena inakuacha stesheni kuu, ambayo ni karibu kwa mwenye ofisi upande huo lakini ni mwendo mrefu kwa anayekwenda Westlands au Upper Hill. Hiyo moja niliyoinyima ni ya hapo.

Lakini jambo lililonifanya niandike haya ni sheria. Mimi sipendi sheria nyingi, nani baharini anazipenda? Ila nimeona kitu. Sheria za treni zinamfunga anayeendesha kama zinavyomfunga anayepanda. Saa yake ikifika inaondoka. Tajiri amebaki nje, imeondoka. Behewa nusu tupu, imeondoka. Mvua inanyesha, nauli ni ile ile, huku nje utingo wa matatu tayari ameshaipandisha kwa sababu ya wingu tu. Wakenya wa umri wangu tunakumbuka sheria za matatu za waziri wa uchukuzi Michuki mwaka 2004: mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, abiria 14 bila wa kuning'inia. Kwa muda zilishika kweli. Siku hizi mkanda hutafutwa mita mia kabla ya kizuizi cha polisi, na hiyo mikanda yenyewe wakati mwingine haina pa kuchomeka.

Nasi huku tusijitoe. Boti ya abiria yatakiwa iwe na leseni, nahodha awe na yake, kila abiria awe na jaketi la kujiokolea. Nimepanda boti za Mokowe ambazo jaketi zimefungwa fundo moja chini ya sitaha ya mbele, zinanuka ukungu, na zinagawiwa gati likishaonekana na juu yake kuna afisa amesimama. Boti huondoka ikijaa. Ukiwa wa kwanza kuingia una jua la saa zima kichwani. Ukiwa wa mwisho huna pa kukaa na bado unaambiwa "ingia, nafasi ipo".

Nilipozirudisha habari hizi barazani, mabaharia wenzangu walinivamia. Wa kwanza alikuwa nahodha wetu, mzee ambaye treni ameiona kwenye televisheni tu.

"Hebu nambie mwanangu, hiyo treni ikifika mwisho hugeukia wapi?"

"Haigeuki, ami. Ina chumba cha dereva huku na huku. Dereva hushuka, akaenda upande wa pili, akarudi nayo."

"Kwa hivyo tezi huwa ndio omo?"

"Ndiyo."

Akacheka mpaka akatoa kofia. "Basi hicho si chombo. Chombo kisichojua mbele yake ni wapi, wewe unakisifu?"

Vijana wa boti za injini hawakucheka. Mmoja aliniuliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa: chombo kikiondoka kitupu, petroli analipa nani? Treni ina serikali nyuma yake. Yeye nyuma yake ana mke, watoto watatu na mkopo wa injini. Ana haki. Mashua ya tanga nayo haina ratiba, ina upepo na maji, na hakuna mtu mwenye akili anayeidai ratiba. Lakini boti ya injini ya dakika chache kutoka Mokowe haina kisingizio cha upepo. Kisingizio chake ni pesa, na pesa ni jambo linalotatulika. Kule Likoni, Mombasa, anayevuka kwa miguu halipi hata senti, feri inaendeshwa kwa fedha za umma, kwa sababu walikubali kwamba ule mlango wa bahari ni barabara. Treni ya Syokimau hali kadhalika haiishi kwa tikiti peke yake. Yetu sisi ni nini kama si barabara? Mgonjwa, mwalimu, mahindi, saruji, maiti, vyote hupita pale pale, na kila mmoja hulipa mfukoni mwake. Mwenye boti akihakikishiwa malipo ya kila safari, ijae isijae, nina yakini jaketi zitavaliwa Mokowe na si gatini, maana hatakuwa na haraka ya kujaza.

Nahodha hakukubali. Alisema pesa ya serikali ikiingia kwenye boti, boti zitakuwa mbili na maafisa kumi. Hapo barazani waligawanyika nusu kwa nusu, na hawajaungana mpaka leo.

Halafu, kama kawaida, maneno yakaishia LAPSSET, ule mradi mkubwa wa bandari, barabara na reli. Ilizinduliwa Machi 2012, na ndani yake kuna reli ya kutoka Lamu kwenda Isiolo na kuendelea hadi Ethiopia na Sudan Kusini. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021. Wavuvi walikwenda mahakamani kwa maeneo yao ya uvuvi yaliyoharibiwa na ujenzi, na mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Malindi ikawaamulia fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Reli haijatandikwa. Mimi sina neno na reli ya makasha na mafuta, ije ikitaka. Ila katika maneno yote niliyosikia kuhusu reli hiyo, sijasikia hata mtu mmoja akitaja treni ya watu: ya mama wa Witu anayekuja hospitali, ya kijana wa Mpeketoni au Hindi anayefanya kazi Mokowe, iondoke saa yake asubuhi na kurudi saa yake jioni. Nimeipanda ya namna hiyo Nairobi, juu ya reli ya tangu 1899, na inafanya kazi.

Kwa mafundi wa kwetu wanaopata kazi Nairobi: tikiti ya SGR nunueni mapema kwa *639#, hasa mwisho wa mwezi na shule zikifungwa. Mombasa laleni usiku mmoja, msiliamini basi la siku hiyo hiyo. Chagueni ile ya asubuhi inayosimama Voi na Mtito Andei. Inachelewa kidogo lakini Tsavo mnaipita mchana. Kitambulisho kikae mfuko wa mbele, vyombo vya makali vitangulie kwa basi. Nyumba tafuteni upande wa Syokimau au Imara Daima hata kama mwenyeji anawavutia kwengine, mradi kazi iwe ya asubuhi hadi jioni. Na sweta mbili, kwa sababu mwezi wa saba moja haitoshi.