Gari la kwanza la kijana: lenye raha, lisilofilisi, na lenye vioo vya kuonea

Mwaka jana nilimnunulia mdogo wangu gari lake la kwanza, na nilikosea. Lilikuwa kupee jekundu la milango miwili, limelala chini kama paka anayevizia. Injini nzima, gia laini, karatasi safi, na fundi wangu alilipitisha. Wiki ya tano, akirudi rivasi kutoka kwenye maegesho, mdogo wangu alisikia kitu kinasagika chini ya bampa. Ilikuwa baiskeli ya mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa ameshuka muda ule ule kukimbilia mpira.

Nilipofika nilikaa kwenye kiti cha dereva, nikageuza shingo, nikatazama nyuma. Niliona kitambaa cha kiti, plastiki, na kidirisha chembamba kama mdomo wa sanduku la barua. Nimeendesha magari miaka mingi, na lile nililijaribu mwenyewe kabla ya kulipa, lakini kugeuka nyuma sikugeuka hata mara moja.

Kwa hiyo mwongozo huu una kipimo kimoja kikubwa kuliko vyote: dereva anaona nini akiwa amekaa. Habari za kilomita, ulaji wa mafuta na upatikanaji wa spea zimeandikwa mpaka zimechosha, na fundi yeyote atakueleza. Kuona nje hakuna anayekuambia, kwa sababu muuzaji hakitaji na mnunuzi hakiulizi.

Shida inaanzia mbele. Nguzo mbili zinazoshika kioo cha mbele zimenenepa sana kuliko zilivyokuwa kwenye magari ya zamani, na sababu yake ni njema: paa lisibonyee gari likipinduka. Lakini nguzo nene inaficha watu. Chukua nguzo ya upana wa sentimita 10, iliyo sentimita 70 hivi kutoka machoni. Hata ukitazama kwa macho yote mawili, umbali wa mita 20 inafunika nafasi ya karibu mita nzima. Mwenda kwa miguu anaingia humo akaenea. Pikipiki inayokuja kukuelekea inaingia humo na taa yake. Tena mkikaribia njia panda kwa mwendo unaolingana, wewe huku na pikipiki kule, ile pikipiki haisogei machoni pako: inakaa nyuma ya nguzo ile ile mpaka mnafika pamoja. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari linakata karibu mita 17 kila sekunde. Ukishtuka, umeshachelewa.

Dereva mzoefu anaijua nguzo yake bila kujua kwamba anaijua. Akifika njia panda anainama mbele kidogo, anarudi, anachungulia kushoto na kulia kwa mwili mzima. Kijana aliyepata leseni juzi anakaa wima kama alivyofundishwa, anageuza macho tu. Ndiyo maana gari ambalo mimi naliweza linaweza kumshinda yeye.

Kabla ya kulipa chochote, fanya jaribio hili. Mkalishe kijana mwenyewe kwenye usukani, usikae wewe. Arekebishe kiti mpaka miguu ifike vizuri kwenye klachi na breki, kisha apandishe kiti mpaka aone boneti. Kama kiti hakipandi na yeye ni mfupi, gari hilo si lake, hata liwe zuri namna gani. Halafu mtu mmoja atembee polepole kulizunguka gari, hatua kama tano kutoka kwenye bodi, na kijana aseme kila mara anapompoteza. Nyuma weka ndoo chini, uivute kuirudisha nyuma mpaka kijana aione kwa kugeuka, bila kamera. Pima kwa hatua. Kwenye lile kupee jekundu nilihesabu hatua kumi na moja. Kwenye gari alilonalo sasa ni tano.

Usinijibu kwamba kamera itafungwa. Kamera ni nzuri, na Marekani imeilazimisha kwenye magari mapya tangu Mei 2018, lakini lenzi yake inashika tope na mvua, na haikuonyeshi pikipiki inayokuja pembeni wakati unahama mstari.

Kuhusu raha nitasema kwa kifupi. Raha ya gari dogo inatokana na wepesi, na nguvu nyingi za injini kwa kijana ni kumtafutia balaa. Gari la tani moja lenye gia za mkono na usukani unaojibu linafurahisha hata kwa mwendo wa kawaida, na gia za mkono zinamweka kijana macho kwenye barabara. Pia hakikisha lina mfumo wa kuzuia gari lisiteleze. Marekani iliufanya wa lazima kuanzia magari ya mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. Kwa magari ya kabla ya hapo, jina moja la gari linaweza kuwa nao au kutokuwa nao. Washa swichi utazame dashibodi: taa yenye picha ya gari linaloteleza lazima iwake, kisha izime injini ikishashika.

Namba moja: Honda Fit ya 2007 hadi 2013

Hili ni toleo la pili, na kwenye masoko mengine linaitwa Jazz. Naipenda Honda na sifichi. Gari hili lilishinda tuzo ya Gari la Mwaka nchini Japani mara mbili, toleo la kwanza mwaka 2001 na hili la pili mwaka 2007, na ukikaa ndani unaelewa. Mbele ya milango kuna vidirisha vya pembetatu, vikubwa kuliko vya toleo la kwanza, kwa hiyo pale ambapo magari mengine yana plastiki wewe unaona barabara. Kioo cha mbele kimesogezwa mbele sana, kiti kiko juu, na dirisha la nyuma limesimama karibu wima. Tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele, ndiyo sababu viti vya nyuma vinalala chini kabisa. Ukivilaza pamoja na vichwa vyao, nyuma panabaki peupe.

Na linafurahisha. Tafuta la injini ya lita 1.5 lenye gia tano za mkono. Lina nguvu za farasi 120 hivi, uzito kidogo juu ya tani moja, na injini inapenda kuzungushwa. Mdogo wangu anaendesha hili sasa, na hajawahi kulitaja tena lile kupee.

Ukikosa la gia za mkono, otomatiki ya CVT, ile isiyo na gia za hatua, ya toleo hili ni afadhali kuliko ya toleo la kwanza, lile ambalo hutetemeka likianza kuondoka. Liendeshe likiwa limeshapata moto, kwenye kimlima, lisimamishe uondoke tena taratibu. Likitikisika kama mtu mwenye homa, rudisha ufunguo. Uliza pia kama mafuta ya giaboksi yalibadilishwa kwa aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, maana ya aina nyingine yanaiua. Matoleo mengine ya Ulaya yalikuja na gia inayoitwa i-Shift, iliyojibadilisha yenyewe kwa kusitasita. Usiiguse.

Jambo moja ni la lazima: Fit hizi ziliingia kwenye mwito wa dunia nzima wa kurudisha mifuko ya hewa ya Takata, ule wa vilipuzi vinavyoweza kurusha vipande vya chuma. Ingiza namba ya chasi kwenye tovuti ya mtengenezaji na udai ushahidi kwamba mfuko ulibadilishwa. Hiyo kazi hufanywa bila malipo. Muuzaji akikwambia "hayo ni mambo ya zamani", mwache na gari lake.

Namba mbili: Suzuki Swift ya 2004 hadi 2010

Kwa raha tupu, Swift ingekuwa ya kwanza. Magurudumu yako pembezoni kabisa mwa bodi, usukani ni mwepesi lakini unaongea, na injini ya 1.3 inatosha kabisa kwa anayeanza. Kioo cha mbele kimesimama na kuona mbele ni raha. Kilichoiangusha ni nguzo ya nyuma, nene kama mlango wa jiko, na dirisha la nyuma dogo. Kijana mrefu anaimudu. Mfupi atateseka kila akirudi rivasi.

Na hapa nina uchungu na wauzaji. Kuna Swift Sport ya kweli, ya injini ya 1.6 yenye nguvu za farasi 125, na kuna Swift ya kawaida iliyobandikwa herufi za Sport kwenye buti. Zote mbili zinatangazwa kwa bei ya Sport. Ya kweli iliyotoka Japani namba yake ya chasi inaanza na ZC31S, na ina bomba mbili za moshi, moja kila upande. Nimesimama mbele ya gari lenye bomba moja, muuzaji ananiapia kuwa ni Sport. Hata hivyo kijana wa mwaka wa kwanza barabarani haihitaji hiyo ya kweli. Mnunulie ya kawaida, na pesa inayobaki ilipe matairi mapya.

Namba tatu: Mazda Demio ya 2007 hadi 2014

Nje ya Japani inaitwa Mazda2. Wakati magari yote yalikuwa yananenepa, Mazda walilipunguza hili karibu kilo 100 kulinganisha na lililotangulia, na mwaka 2008 likachukua tuzo ya Gari la Mwaka la Dunia. Kwenye kona linageuka kwa furaha kuliko Fit, nakiri. Lakini mstari wa madirisha unapanda kuelekea nyuma, mpaka dirisha la nyuma linakuwa kama la ndege. Ndoo yetu ilionekana kwenye hatua ya nane.

Ya bei ya chini

Toyota Vitz ya 2005 hadi 2010, au Yaris. Haifi, mita zake ziko katikati ya dashibodi, inaonyesha nje vizuri kiasi, na haisisimui. Kama pesa ndiyo inayoamua, chukua hiyo, usione haya.

Ya kukwepa

Hyundai Veloster, Nissan Juke, Toyota C-HR: vijana wanayapenda kwa sura, na sura hiyo imelipiwa kwa madirisha ya nyuma. Hata Honda niipendayo iliteleza. Civic ya Ulaya ya milango mitano iliyoanza mwishoni mwa 2005 ina kioo cha nyuma kilichokatwa katikati na spoila, na haina waipa ya nyuma. Mvua ikinyesha hapo nyuma hakuna kitu. Wanaoniuliza kuhusu Mazda MX-5: ukishusha paa hakuna gari linaloona zaidi yake, ukilipandisha pembe za nyuma zinatoweka. Na kwa kuwa linasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwangu hilo ni gari la pili, baada ya kijana kuonja mvua mbili tatu.

Wanachofanya wauzaji kwenye vioo

Hili ndilo linaloniudhi kuliko bei. Taa za mbele za magari haya ni za plastiki, na jua huzifanya kuwa njano. Muuzaji anazisugua kwa dawa asubuhi, mchana zinang'aa kama mpya, unalipa. Lakini tabaka la kukinga jua limeshaondoka, na baada ya muda mfupi njano inarudi, sasa unaendesha usiku kwa mwanga wa koroboi. Ukiona taa inang'aa kuliko gari lenyewe, uliza ilisuguliwa lini.

Kioo cha mbele nacho kina siri. Mchanga wa barabarani hukichoma vitundu vidogo mno, ambavyo kivulini huvioni. Wauzaji wanapenda kukuonyesha gari chini ya banda. Litoe nje jioni, ulielekeze kwenye jua linalozama, ukae ndani. Kama kioo chote kinageuka maziwa, hesabu gharama ya kioo kipya na uiondoe kwenye bei. Watanuna. Waache wanune.

Halafu tinti. Karibu kila gari dogo linalotafutiwa mnunuzi kijana linabandikwa tinti nyeusi ili lionekane la maana, na wanaongeza bei kwa kitu ambacho kazi yako ya kwanza ni kukibandua. Ibandue siku hiyo hiyo. Madirisha ya pembeni si kazi: nyunyiza maji ya sabuni, pasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele, vuta kuanzia pembeni. Dirisha la nyuma ndilo la kwenda nalo polepole, kwa sababu ndani kuna zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu. Vuta kwa kufuata mlalo wa nyaya, gundi inayobaki iondoe kwa kitambaa chenye maji ya moto na sabuni, na usipitishe wembe hapo hata kidogo. Waya mmoja ukikatika, mstari wake wote unabaki na ukungu kila asubuhi ya baridi.