TAHADHARI: Muuza "visu vya komando" na "mapanga ya ulinzi" anazunguka Mtwara na Lindi

Wakuu wa Kusini, habari za majukumu.

Minada ya korosho imeanza na yule jamaa naye kaingia kazini. Anauza visu, mapanga na tochi za shoti, na maneno yake ni "linda familia yako msimu huu". Kwanza anarusha matangazo kwenye magrupu ya WhatsApp, halafu siku ya gulio unamkuta mwenyewe na bajaji ya mizigo, spika juu, meza ya kukunja, turubai jekundu. Mtwara mjini kaonekana upande wa Chikongola, Masasi kaonekana, na juzi kuna mtu kanitumia picha yake akiwa Mtama. Namba zake siziweki kwa sababu laini anabadilisha kila mara, na huenda nyingine zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasiohusika kabisa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Vitu vyake vikivunjika ndipo vinaletwa kwangu, na nina boksi la mipini na bapa ambazo wenyewe wamezisusa baada ya kuwaambia hazichomeleki. Kwa hiyo ninayoyasema hapa nimeyaona kwa kupasua na kusaga, sijasimuliwa.

Kwa nini anakuja Oktoba na si Machi, kila mtu wa huku anajua. Hela za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) zinaingia, bei ya mnada inatangazwa, na kijiji kizima kinajua fulani kapeleka ghalani kilo ngapi. Vibaka wanapiga hesabu hizo, na huyu anapiga hesabu ya hofu yetu. Kwenye magrupu anatanguliza sauti ya mama analia kwamba wamevamiwa usiku, kisha baada ya nusu saa linafuata tangazo la mapanga. Sauti hiyohiyo Newala ilisambazwa kuwa ni ya Newala, Masasi ikawa ya Masasi, na Lindi ikawa ya Mitwero. Mama mwenyewe ukimsikiliza hana hata chembe ya lafudhi ya kwetu.

Tuanze na hicho kisu cha komando maana ndicho kinachouzika zaidi. Kwa macho kinatisha: bapa jeusi, meno ya msumeno mgongoni, dira ndogo kwenye kitako cha mpini. Ukifungua hicho kitako, ndani ya mpini unakuta njiti za kiberiti, ndoana na mshipi. Vijana wanapenda sana hapo. Lakini jiulize: kama ndani ya mpini kuna nafasi ya kuweka kiberiti, bapa limeshikwa na nini? Nimekipasua kimoja kwa grainda. Mpini ni bomba jembamba la aluminiamu. Bapa linaishia pale mpini unapoanzia, limeacha kimkia cha chuma kisichofika urefu wa pingili ya kidole, na kimkia chenyewe kimekazwa kwa nati moja. Moja! Mwenye kisu kile ni fundi ujenzi wa Magomeni, alikitumia kufungua dafu. Pigo la tatu bapa likageuka likamtazama yeye. Bahati yake lilipita pembeni ya kidole gumba. Sasa hicho ndicho unaambiwa ukamate gizani, mikono inatetemeka, watoto wako nyuma yako.

Kisu cha maana, hata cha jikoni, chuma chake kinatembea ndani ya mpini mpaka mwisho, na ribiti zinapita upande huu kutokea upande wa pili. Ukikigeuza juu unauona mgongo wa chuma kati ya mbao mbili. Jamaa anajua watu wameanza kuangalia ribiti, kwa hiyo mapanga yake mapya anayagandikia vichwa vya shaba kwa gundi. Chokonoa kwa ukucha, kinabanduka.

Mapanga sasa. Mezani ana panga moja la kuonyeshea. Anakata nalo msumari, halafu ananyoa nalo vinyweleo vya mkono, watu wanashangilia. Lile panga nimelishika. Ni zuri kweli, limefuliwa na mhunzi kutokana na springi ya gari, alama za nyundo unaziona mgongoni. Shida ni kwamba haliuzwi. La kwako linatoka kwenye boksi limefungwa nailoni na gundi kila upande, na anakusisitiza usifungue mpaka nyumbani eti kuna mafuta ya kuzuia kutu yatapotea hewani. Ukifungua unakuta bati nene lililokatwa umbo la panga, chuma laini kilekile ninachotengenezea mageti. Chuma hicho kina kaboni chini ya asilimia 0.3, wakati panga linalofaa lina asilimia 0.5 au zaidi. Hata ukikichoma mpaka kiwe chekundu ukakizamisha kwenye maji, hakiwi kigumu kwa kiasi cha kushika makali. Kunoa kinakubali, asubuhi hiyo kitakata karatasi vizuri tu. Ukifyeka nacho mikorosho midogo mitatu kimekuwa butu.

Hapo kuna jambo watu wanalichanganya. Wengine wanapima panga kwa tupa, ikiuma wanasema chuma kibovu. Si kweli kwa panga. Panga limetengenezwa linolewe kwa tupa shambani, lazima tupa iume kidogo, na likiwa gumu mno litavunjika ukigonga jiwe. Panga linapimwa kwa kulipinda. Egemeza ncha kwenye ubao, sukuma mpini taratibu mpaka bapa lipinde kiasi, achia. Likirudi likanyooka, chuma kina mnepo wake. La jamaa linabaki limejikunja kama ndizi. Muuzaji anayekukatalia kipimo hicho, mrudishie panga lake uende. Na ile mbwembwe yake ya kubandika sumaku kuonyesha ni "chuma orijino" isikuhadae, maana sumaku inanasa nondo, inanasa bati la paa, inanasa hata kopo la maziwa.

Kuna "chuma cha Damasko", cha bei ya juu kabisa, chenye maua ya mawimbi kwenye bapa. Damasko ya kweli ya siku hizi ni tabaka za vyuma viwili tofauti, zimeunganishwa kwa moto na nyundo, zikakunjwa na kufuliwa tena. Mawimbi hayo yanapita mwilini mwote mwa bapa. Ukisugua kwa msasa yatafifia, lakini ukilipaka asidi hafifu yanarudi, kwa sababu vyuma viwili havilikwi sawa. Hiki cha jamaa nilikipitisha msasa mara chache tu, maua yakaondoka na chini yake kukawa cheupe kitupu. Nikakilaza kwenye siki usiku kucha. Hakuna kilichorudi zaidi ya kutu.

Mpini wake anasema ni mpingo. Ndugu zangu, kutudanganya mpingo watu wa Mtwara! Mkoa wenye wachonga vinyago wa Kimakonde kila kona! Mpingo ni mzito, ukiutupa kwenye ndoo ya maji unazama. Wa kwake unaelea, na kiganja kikitoka jasho kinabaki na rangi nyeusi ya kiwi ya viatu. Basi.

Tochi ya shoti imeandikwa ubavuni "volti 20,000,000". Fizikia ya sekondari inatosha hapa. Cheche kuruka kwenye hewa kavu inahitaji takriban volti 30,000 kwa kila sentimeta. Vile vimeno viwili vya mbele vimeachana sentimeta mbili hivi, na cheche inaruka kati yao, maana yake umeme wake hauna sababu ya kuzidi volti 60,000 kwa kukadiria. Hizo milioni ishirini ni wino tu. Inalia kwa kelele kubwa, mwizi mwenye koti zito huenda hata asihisi. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kuichaji. Niliyoifungua haina transfoma, waya za umeme wa ukutani zinaingia karibu moja kwa moja kwenye saketi, na gamba la nje ni chuma. Kama unayo, usiishike ikiwa kwenye soketi, na mtoto asiisogelee. Volti 230 za TANESCO zinaua kuliko hizo milioni za kwenye stika.

Nimeacha la hatari zaidi. Mteja akionekana ana hela, jamaa anamvuta pembeni, anamnong'oneza kwamba anaweza kumpatia gobole au bastola "na kibali chake kabisa". Anaonyesha picha kwenye simu, anachukua nusu ya bei kama kianzio, halafu laini inazimwa. Ujanja uko hapa: aliyetapeliwa hawezi kwenda polisi, ataanzaje kueleza alikuwa ananunua nini? Na kama ingekuwa kweli analeta, ndiyo balaa kubwa zaidi. Silaha ya moto iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015. Maombi unayafanya wewe mwenyewe kwa jina lako, yanaanzia serikali ya mtaa au kijiji na kupitia polisi, hakuna kibali kinachouzwa kwenye bajaji. Kukutwa na silaha isiyo na leseni hushtakiwa kama kosa la uhujumu uchumi. Hata gobole la urithi la babu lisilo na karatasi linahusika, msijidanganye kwamba ni zana ya kufukuzia nguruwe pori tu.

Kwenye spika anasema pia "mwizi akiingia kwako, sheria inakuruhusu kummaliza". Hapana. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakupa haki ya kujitetea wewe, kumtetea mwingine na kutetea mali, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Mtu anayekujia na shoka ni habari nyingine, na kijana anayeruka ukuta na kuku wako ni habari nyingine. Ukimkimbiza huyo wa kuku ukamkata mgongoni, anayepanda kizimbani ni wewe. Mwenye kilo zake za korosho anaziuza kulipa wakili.

Mtaniuliza, basi tununue nini? Kwa maoni yangu kisu ni kitu cha mwisho kabisa kukitegemea nyumbani. Kinakulazimisha umsogelee mtu mpaka umguse, na akiwa na nguvu kukuzidi kinahamia mkononi kwake. Panga la shamba unalo tayari, la chapa ya kueleweka kutoka duka la pembejeo, halifiki robo ya bei ya huyu jamaa na ni bora mara dufu. Hela inayobaki iweke mlangoni. Najua mtasema fundi magrili anajipigia debe, semeni tu, lakini nyumba nyingi ninazoitwa baada ya wizi hazikuingiliwa kwa sababu mwenyewe hana silaha. Komeo lilikuwa limeshikwa na skrubu mbili fupi kwenye fremu ya mbao laini, teke moja limeng'oka. Skrubu ndefu zinazofika ukutani, komeo la pili karibu na kitasa, taa ya nje, filimbi chini ya mto, na namba za majirani watatu wanaoamka. Mbwa mwenye kelele akizidi hapo, vizuri. Polisi ni 112. Na hela ya mauzo iache benki ilipoingia, isilale kwenye godoro.

Kwa waliokwisha kutuma hela na mzigo haujafika: mtindo wake ni kukutaka ulipe yote kwa simu, kisha anakutumia picha ya risiti ya mzigo wa basi, halafu "kondakta" anakupigia kudai hela ya kuukomboa. Huyo kondakta ni yeye mwenyewe au mwenzake. Risiti niliyoonyeshwa ilikuwa na tarehe iliyofutwa na kuandikwa upya juu yake. Usitume ya pili. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako haraka, waambie muamala wazuie kama hela bado haijatolewa, meseji yake ya kitapeli ipeleke 15040, na usifute chochote kwenye simu. Kisha nenda kituoni na muamala wako. Kununua panga si kosa, usione aibu. Wakijitokeza watu kadhaa wenye miamala kwenda namba zilezile, polisi wanakuwa na pa kuanzia. Mmoja mmoja tukinyamaza anahamia wilaya ya pili.

Aliyemwona Ruangwa, Nachingwea au Liwale aseme ni siku gani ya gulio. Na mwenye kitu chake akitaka kikaguliwe aniletee, kukagua ni bure. Ila mpini wa komando siuchomelei hata kwa hela.