Latte baridi ya hojicha nyumbani: unga, majani au mchanganyiko wa paketi?

Kinachoharibu latte baridi ya hojicha mara nyingi ni maji. Barafu inayeyuka, maziwa yenyewe kwa sehemu kubwa ni maji, na hojicha haina ukali wa kahawa wa kupenya vyote hivyo. Ni chai ya kijani ya Kijapani iliyokaangwa kwa moto mkali hadi ikawa kahawia, desturi iliyoanzia Kyoto miaka ya 1920. Moto huo huondoa sehemu kubwa ya ukakasi na kuacha harufu, na harufu ndiyo mtaji wake wote. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni moja tu: bidhaa hii itabaki na ladha ikishakutana na maziwa na barafu?

Unga unabaki nayo, tena unawaacha wenzake mbali. Sababu ni kwamba unakunywa jani zima lililosagwa, si maji yaliyopita juu yake. Kwa glasi ya mililita 350, pima gramu 4, yaani kama vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa. Gramu 2 zinazoandikwa kwenye makopo mengi zinatosha kikombe cha moto kisicho na maziwa. Kwenye barafu utapata maziwa yenye rangi tu. Chekecha unga kwa chujio la chai, andaa mililita 50 za maji ya moto, mimina kwanza 15, usugue mpaka upate uji mzito usio na madonge, ndipo uongeze mililita 35 zilizobaki na kupiga kwa nguvu. Chasen, kile kibrashi cha mianzi, kinafaa sana, ila kimashine cha betri cha kutoa povu kinafanya kazi ileile. Maji ya nyuzi 80 hadi 90 yanatosha. Hata yaliyotoka kuchemka hayaleti balaa, tofauti na matcha, ule unga wa chai ya kijani isiyokaangwa.

Madonge hutokea pale maji yote yanapomwagwa kwa mkupuo. Chembe za nje zinalowa na kushikana, za ndani zinabaki kavu, na baada ya hapo hata upige vipi hazifunguki. Kosa jingine ni kuukoroga unga moja kwa moja kwenye maziwa ya baridi. Unaelea juu, unaganda ukutani mwa glasi, na mnywaji anaukuta wote kwenye funda la mwisho.

Ubora wa unga unaonekana kabla ya kuonja. Paka kidogo kwenye karatasi nyeupe kwa kidole: mzuri unatandaza alama laini ya kahawia yenye wekundu, mbaya unakwaruza kama vumbi la mchanga. Uliokaribia weusi umekaangwa kupita kiasi. Ndani ya maziwa utatoa uchungu wa majivu, na sukari haiufichi. Hata unga mzuri, hata hivyo, hauyeyuki. Umetawanyika tu majini, hivyo baada ya dakika kumi mashapo huanza kutua. Koroga unapokunywa, hiyo si kasoro ya kumrudishia muuzaji.

Majani yanawezekana, lakini yanadai mkono mzito. Tia gramu 12 kwenye mililita 150 za maji yanayochemka, funika dakika tatu, chuja na ukamue. Majani yatafyonza karibu theluthi ya maji, utabaki na takriban mililita 100. Mimina papo hapo juu ya gramu 60 za barafu, kisha ongeza maziwa mililita 120. Hojicha ya mabua, kama ile bocha ya Kaga inayotoka Kanazawa, ina utamu zaidi na inastahimili maziwa kuliko majani mapana ya bancha, chai ya majani yaliyokomaa. Usichemshe majani ndani ya maziwa matupu: ladha hutoka kwa shida humo kuliko kwenye maji, na ukiacha jikoni muda mrefu ili kufidia, unapata ladha ya mti. Na kusema kweli, majani mazuri ni heri uyanywe na barafu bila maziwa kabisa. Kuyaloweka kwenye friji usiku kucha hutoa kinywaji laini kisicho na ukakasi, ila harufu ya kukaangwa inahitaji moto ili itoke, kwa hiyo kwa latte njia hiyo haifai.

Paketi za mchanganyiko tayari hazihitaji maelezo marefu. Soma orodha ya viambato: sukari ikitangulia na hojicha ikawa ya tatu au ya nne, umenunua sukari yenye harufu. Unga safi una kiambato kimoja.

Sukari ya kawaida huyeyuka kwa shida kwenye baridi. Tengeneza shira ya sukari na maji ya moto kwa vipimo sawa, utumie mililita 10 hadi 15. Ya sukari nyeusi ya Okinawa ndiyo inayoelewana vizuri zaidi na hojicha. Ukitaka tabaka mbili zionekane, shira iingie kwenye maziwa. Ikiingia kwenye chai inaifanya nzito, nayo itazama. Panga hivi: shira, maziwa mililita 150, barafu ya vipande vikubwa hadi juu, halafu chai polepole juu ya mgongo wa kijiko. Maziwa yawe yenye mafuta kamili. Ya oti yanafaa pia, lakini mengi yana utamu wake, kwa hiyo punguza shira.

Wanaoinunua kwa kukwepa kafeini wapunguze matumaini. Majedwali rasmi ya vyakula ya Japani yanaipa hojicha ya majani miligramu 20 kwa mililita 100, sawa na sencha, chai ya kijani ya kawaida ya Kijapani, kahawa ikiwa na 60. Ni kidogo, lakini si sifuri.

Nunua kopo dogo, maana harufu huanza kupungua wiki chache tu baada ya kufunguliwa. Ukilihifadhi kwenye friji, liache lifikie joto la chumba kabla ya kufungua kifuniko. Hewa yenye unyevu ikigusa unga wa baridi huacha majimaji juu yake, na madonge ya namna hiyo hata chujio haliyawezi.