Kutembea mpaka mdomo wa Ruzizi na gide wa Uvira: inafaa makuta yako?

Sisi watu wa Bukavu, mto Ruzizi tunaijua pale inatokea ziwa Kivu tu, pale kwenye daraja, maji inakimbia, machupa ya plastiki inaelea kwenda kujibana kwenye baraji (bwawa la umeme) ya Mururu, basi. Wengi hatuendi kuangalia inaishia wapi. Inaishia ziwa Tanganyika, karibu na mji wa Uvira, na kule ni mto mwingine kabisa. Nimeenda kutembea kule na gide, yule mtu wa kuongoza wageni, na nasema wazi, hii ni kati ya vitu vizuri mtu anaweza kufanya na wikendi yake, ila kuna mambo lazima ujue kabla ya kutoa makuta.

Gide wetu ni mvuvi, mzaliwa wa pale pale. Dola 10 kwa mtu, pirogi (mtumbwi) iko ndani ya bei. Kwangu mimi haiko ghali, maana yule baba anajua kila mfereji na anasalimia kila mtu kwa jina.

Munaanza mashambani, mpunga, muhogo, mahindi, ng'ombe za mapembe marefu zinapita na watoto wanazifukuza zisiingie kwa mahindi ya watu. Njia ni tambarare, hata mama mzee anaweza. Na gide anaeleza vizuri: Kivu iko kwenye mita 1460 hivi juu ya bahari, Tanganyika iko chini yake karibu mita 700, ndiyo maana huku kwetu mto una nguvu vile na wakaweka baraji, Ruzizi I tangu miaka ya 1950, Ruzizi II mwaka 1989. Ukishapita Kamanyola bonde linafunguka, mto unapunguza mwendo, unaanza kuzunguka zunguka na kuacha udongo wote uliobeba, na ule udongo ndio umejenga ile delta unayokanyaga.

Kisha munaingia kwa matete, na hapo ndipo nilimpenda huyu gide. Tuko tunapiga stori, yeye akanyoosha mkono nyuma, wote kimya. Mbele matete yamelala chini, njia pana kama ya trakta, mavi mabichi yametapakaa kwa majani, na kwa matope kuna alama ya mguu, vidole vinne, maji bado yanaingia ndani taratibu. Kiboko, na si wa jana. Mwenzetu mmoja alitaka kusogea kidogo tu kwa ajili ya foto, gide akakataa kabisa, akatuzungusha njia ya mbali ambayo ilituchosha sana na jua lile. Alifanya vizuri. Kiboko ukimkatia njia yake ya kurudi majini hakuna mchezo, na mamba pia wako, kwa hiyo gide anayekubali kila unachotaka ukiwa kule, usimlipe, rudi nyumbani.

Mwisho ni pirogi mpaka pale mto unaingia ziwani, maji ya udongo huku, ya bluu kule, mwari na korongo wengi sana. Ule mkono mkubwa wa mto ndio mpaka, ng'ambo ni Burundi, na wao upande wao wamefanya hifadhi ya taifa. Beba kadi yako ya mpiga kura, na foto za askari usipige.

Kilichoniudhi ni majile, zile koti za kuelea majini, hakukuwa na hata moja ndani ya pirogi, na pale maji iko na nguvu. Kwa watoto mimi sikubali, wakiongeza hata dola mbili kwa bei wanunue majile nitalipa na furaha. Halafu kivuli hakuna, chakula hakuna. Na tangu maji ya Tanganyika yaanze kupanda sana mwaka 2020 sehemu nyingi upande wa Kavimvira zimezama, njia za zamani zingine hazipo tena, viatu vya kawaida vinakufa, vaa mabote.

Bukavu na kurudi siku moja usijaribu, ile barabara ya milima ya Ngomo itakumaliza kabla ya kutembea. Lala Uvira, kula mukeke, samaki wa Tanganyika, wa kuchoma usiku, saa kumi na mbili asubuhi muwe mumeshaanza. Mwezi wa sita mpaka wa nane matope inapunguka. Bei mupatane kabla ya kuanza, na muulize kama pirogi iko ndani.