TAHADHARI: "SSD za 2TB" za bei ya kutupa, Unguja na Pemba

Wanaonunua vifaa vya kompyuta Darajani na Mlandege, na nyinyi wa Pemba mnaoagiza kwa WhatsApp mkapelekewa kwa boti mpaka Mkoani, kuweni macho. Kuna SSD za nje (diski za kuhifadhia mafaili, za kuchomeka kwa USB) zimeandikwa 2TB zinauzwa elfu arubaini na kitu. SSD ya kweli ya 2TB haikaribii bei hiyo, hata iliyokwishatumika.

Ukilipasua kasha, ndani mna memori kadi, mara nyingi ya GB 64, imegandishwa kwa gundi kwenye kibao kidogo cha USB. Nyengine hutiwa na kipande cha chuma ili ziwe nzito mkononi. Programu ya ndani yake imechezewa itangaze ukubwa isiokuwa nao, kwa hiyo Windows inaonesha 1.81TB, kama inavyoonesha diski halali ya 2TB. Kufomati inafomatika. Picha mbili tatu mbele ya muuzaji zinafunguka bila tabu, na ndiyo maana hana wasiwasi kukuruhusu ujaribu. Ukishapita GB 64 inaendelea kupokea kimya kimya, lakini data inapotea au inaandikwa juu ya ile ya mwanzo. Majina ya faili yapo, na ukubwa wake upo. Ifungue hiyo video ya harusi uone kama itacheza.

Kabla ya kutoa pesa, chomeka kwenye tundu la USB 3 la laptop yenye SSD, ukopi faili moja la GB 5. Sekunde za mwanzo usizihesabu, ngoja spidi itulie. Ikibaki MB 20 au 30 kwa sekunde, mrudishie mwenyewe.

Kama muda upo, pakua programu ya ValiDrive: inapima sehemu 576 za diski kwa dakika chache. Programu ya H2testw (F3 kwa Linux na Mac) ni ya uhakika zaidi, ila 2TB nzima kwa spidi ya hivi vitu ni zaidi ya saa 18. Iambie iandike MB 100,000 tu kwenye diski tupu. Ya GB 64 itaumbuka hapo hapo.

SSD za ndani zina hila yake: iliyotumika inafutwa vumbi, inauzwa mpya. Programu ya CrystalDiskInfo inaonesha saa ilizokwishafanya kazi. Mpya haiwi na saa 9,000. Na fundi akikuwekea Windows ya bure, angalia kama Defender (kinga ya virusi ya Windows) imeachwa imezimwa, au kuna folda zilizoambiwa zisikaguliwe.

Dai risiti yenye namba ya diski. Bila hiyo hata ukienda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara huna cha kushika.

Aliyekwishanunua asiifomati wala asiongeze kitu. Atoe kinachofunguka, akifungue kimoja kimoja, na asifute chochote kwenye simu mpaka amalize.